Swali Ambalo Ngoy Hakumwuliza Mkwewe

Kila Jumatano asubuhi, katika zahanati ya kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, kusini mwa Kongo, muuguzi Ngoy aliwakalisha kwenye mabenchi wanaume waliokwisha kupita umri wa miaka hamsini, akafunga mlango, akaanza kuzungumza nao habari za tezi dume. Alikuwa Mluba wa kaskazini ya Katanga, mfupi na nadhifu, ambaye koti lake jeupe lilipigwa pasi hata katika majuma ambayo zahanati haikuwa na sabuni. Aliwaeleza kwamba tezi hiyo, ambayo kila mwanamume anayo chini ya kibofu cha mkojo, hukua kadiri umri unavyosonga, na kwamba inapokua huubana mfereji unaopita katikati yake, kama mtu anavyoukanyaga mpira wa kumwagilia bustani.

Wanaume walicheka, kwa kuwa walikuwa wakiogopa. Ngoy aliwaacha wacheke, kisha akaingia katika sehemu waliyoipenda zaidi, yaani chakula. Aliwashauri wale lenga-lenga na mboga nyingine za majani, maharagwe, samaki, nyanya zilizopikwa, na mbegu za maboga badala ya sambusa za mafuta. Aliwasihi wapunguze nyama yenye mafuta mengi, bia na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Watembee kwa miguu kila siku, hata kama mgodi umewapa basi. Wanywe maji ya kutosha mchana, wayapunguze jua linapokaribia kutua, na haja inapowajia wasiizuie.

"Lakini tusidanganyane, batata, wababa wangu," alimalizia kila mara. "Mboga inasaidia mwili, haing'oi tezi iliyokwisha kukua. Mwenye kuamka mara nyingi, mwenye kusimama chooni akingoja, huyo aje apimwe."

Tena alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja. Mzee yeyote aliyemwomba vidonge vya mafua, vya aina ile inayokausha pua, aliulizwa kwanza: "Tata, mkojo unatoka vizuri?" Mzee akisita kujibu, Ngoy alivirudisha vidonge kabatini, akampa maji ya moto yenye tangawizi.

Mzee mmoja wa mji ule hakukaa hata siku moja kwenye mabenchi yale, naye ndiye aliyehitaji kukaa kuliko wote. Jina lake Kankolongo Henri. Alikuwa Mkasai, yaani Mluba wa mkoa wa Kasai, aliyeletwa Kolwezi akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, akaendesha garimoshi la mawe ya shaba mpaka alipostaafu, akajenga nyumba ya matofali katika mtaa wa Manika. Ngoy alikuwa amemwoa binti yake, Ngalula.

Kwa Waluba, wale wa Katanga na wale wa Kasai vilevile, baba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Mkwe humpisha njiani. Hali naye sahani moja. Hataji mbele yake tumbo, wala kitanda, wala choo. Na kuuona uchi wake, hata kwa ajali, ni aibu inayosafishwa kwa mbuzi na kwa maombezi ya wazee. Katika miaka yote ya ndoa yake Ngoy hakuwahi kumwuliza Kankolongo kama amelala vizuri, kwa sababu swali hilo lingefika kitandani. Alimwuliza kama ameamka vizuri, basi.

Kwa hiyo alifanya alichoweza kwa kupitia mkono wa mke wake. Ngalula alipeleka Manika bakuli za mboga, samaki wa mto Lualaba, na mbegu za maboga zilizokaangwa bila mafuta. Mzee, aliyependa nguruwe wa kuchoma kuliko chakula kingine chochote, alivila vyakula hivyo akinung'unika kwa rafiki yake Mulumba, fundi mabomba mstaafu aliyekaa naye barazani kila jioni.

"Mukwe wangu ananilisha kama sungura," alisema.

"Sungura ana batoto mingi," Mulumba alimjibu. "Kula tu, muzee, usiogope."

Aliyeruhusiwa na desturi kusema yote na mzee alikuwa Odile, binti mkubwa wa Ngoy, mshonaji. Babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake mke, na mjukuu humwita babu mume, na hakuna neno linalowatia haya. Jumapili moja baada ya misa, nyumbani kwa mzee, Ngoy akiwa amekaa upande wa pili wa ukuta, mahali panapomfaa mkwe, alimsikia binti yake akipaza sauti.

"Bwana yangu, mbona unaniacha kila saa? Uko na muke gani mu choo?"

"Nyamaza, muke mubaya. Yule wa choo hana makelele kama weye."

"Na anakuchelewesha! Unasimama kule mpaka bukari inapoa mu sahani. Ni mapendo gani hayo?"

Mulumba alicheka hadi akapaliwa. Ngoy hakucheka. Maneno yale yalikuwa ni dalili zote mbili alizozitaja kila Jumatano, zimetamkwa na mtoto wake mwenyewe, kwa lugha isiyohitaji kufasiriwa. Alikohoa kwa nguvu, ili walio upande wa pili wafikiri kwamba hakusikia, maana mkwe hasikii mambo kama hayo. Jioni ile alimwambia Ngalula aongeze mbegu za maboga. Hivyo alianza kumtibu baba mkwe wake kwa kile ambacho aliwaambia watu wengine wote kwamba hakitoshi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mgodi uliokuwa umewalisha watu wa Kolwezi ulianza kufa. Mishahara ilichelewa, kisha ikakoma. Makabati ya zahanati yakawa matupu. Watu waliozoea kula mara tatu wakajifunza kula mara moja. Wenye njaa hutafuta wa kulaumiwa, na Wakatanga walionyeshwa majirani zao. Waliambiwa kwamba Wakasai, ambao baba zao waliletwa kufanya kazi ya mgodi na ya reli, ndio waliowanyang'anya nafasi, na sasa warudi kwao. Lakini wengi wao hawakuwa na kwao kwingine isipokuwa Kolwezi.

Mwaka 1993 vijana wenye fimbo na mawe walifika kwa Kankolongo. Ngoy alikuwa zahanatini. Alizisikia kelele zikitoka upande wa Manika, akajua ni kelele za nini, akaendelea kumfunga mtoto mmoja bendeji taratibu sana, akaifungua, akaifunga upya. Alipofika, nyumba ilikuwa imekwisha kung'olewa milango. Miongoni mwa vijana waliokuwa wakibeba kitanda cha mzee alimtambua mmoja ambaye yeye Ngoy alimpa chanjo akiwa mtoto mchanga. Kijana yule alimwamkia kwa adabu.

Kankolongo, watoto wake wa kiume, wake zao, na Mulumba pamoja nao, walikwenda kukaa kituo cha reli, wakingoja treni ya kwenda Kasai pamoja na maelfu ya wenzao. Ngalula, kwa kuwa ni mke wa Mkatanga, hakuguswa. Alipika na kupeleka kituoni, wala hakuzungumza na mume wake mpaka siku Ngoy alipojitolea kubeba bakuli.

"Ndugu zako banamutoa baba yangu kwake," alisema, "na weye unamupelekea mboga."

Ngoy aliibeba bakuli mpaka kituoni.

Pale kituoni familia ilikuwa imetandika maturubai chini ya paa lililovuja, wanaume na wanawake, wakwe na wakamwana, wote mahali pamoja. Choo kilikuwa kimoja, na foleni yake ilipita mbele ya macho ya kila mtu. Mzee mwenye heshima hawezi kujipanga hapo mara kwa mara, mbele ya wake za wanawe. Kankolongo aliacha kunywa maji, na haja ilipomjia aliizuia mpaka giza. Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, naye akapata mafua makali.

Ngoy alifika akiwa na kopo la vidonge vya mwisho vya mafua vya zahanati. Alisimama kwa umbali unaostahili, mwili umegeuka nusu, akapiga makofi ya salamu.

"Umekuja, mukwe wangu," Kankolongo alisema akiangalia reli.

"Nimekuja, tata. Muliamuka muzuri?"

"Tuliamuka. Ni pua tu. Inavuja kama bomba za Mulumba."

"Bomba zangu hazikuvuja, weye!" Mulumba alisema. "Hiyo pua inalilia nyumba. Ya kwangu pia inalia."

Watu wakacheka, na katika kicheko kile swali lilimfikia Ngoy ulimini. Alilijua neno kwa neno. Lakini wana wa mzee walikuwa pale, na wake zao, na majirani wa Manika. Na kumwuliza baba mkwe habari ya mkojo mbele yao, katika juma ambalo watu wa mkoa wa Ngoy walikuwa wamemvua mzee kila kitu, kulionekana kwake kuwa ni kumvua na nguo. Angeweza kumwita kando Odile, aliyekuwa akimhudumia babu yake, ambaye angeliuliza swali lile kwa mzaha na kuleta jibu mara moja. Alimtazama binti yake, akafikiri, akaacha. Maana kumtuma kungekuwa kukiri kwamba siku ile ya Jumapili alikuwa amesikia. Alijiambia kwamba mzee amekula vizuri kwa miaka kadhaa, na kwamba bila shaka chakula kimefanya kazi yake. Kisha akatoa vidonge.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni," alisema, akamkabidhi Odile.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Odile aliingia zahanatini akihema.

"Papa, njoo. Babu hajakojoa tangu jana jioni. Anataka, lakini hakitoki kitu. Tumbo limekaza kama ngoma."

"Vidonge alikunywa?"

"Alikunywa. Nilimwambia aache cha leo, akakataa. Alisema: kama ni vya mukwe wangu, ni vya kumeza."

Ngoy alikaa kitini. Alielewa kwa ukamilifu kilichotokea, na ukamilifu huo ndio uliomuumiza. Dawa inayokausha pua hukilegeza kibofu kisiweze kusukuma, na nyingine kati ya hizo huukaza mlango wake. Kwa mzee ambaye tezi yake imekwisha kuubana mfereji, na ambaye anazuia haja kutwa nzima, kidonge kimoja chaweza kuufunga kabisa. Mkojo usipotolewa, kibofu huharibika, figo hufuata, na mtu hufa kwa maumivu. Daktari wa zahanati alikuwa Mkasai, naye alikwisha kuondoka kwa treni iliyotangulia. Njia ya kwenda hospitali ya mjini ilikuwa na vijana wenye mawe. Hapakuwa na mwingine wa kufanya kazi ile. Ngoy aliuchemsha mpira wa kutolea mkojo, akachukua glavu, mafuta safi, na chupa tupu ya plastiki ya kupokelea, akamfuata binti yake.

Wanawake walikuwa wametundika vitenge kumzunguka mzee. Ngoy alisimama nje ya vitenge.

"Tata, nimeleta mupira wa kutoa mukojo."

"Nani atauweka?" Sauti ya Kankolongo ilikuwa imekatika-katika.

"Ni mi, tata."

"Apana."

"Tata, mutakufa."

"Sikia, mukwe wangu. Batu ya kwenu bamechukua nyumba. Bamechukua kitanda, bamechukua na mulango. Ilibaki heshima ya bukwe tu. Na hiyo unakuja kuichukua weye?"

Mzee hakukosea, na Ngoy alilijua hilo. Mulumba ndiye aliyesimama, akajikunjia mikono ya shati.

"Mi nilifunga mabomba ya mugodi muzima," alisema. "Mukwe akae inje, aniambie. Nitafanya."

Wakafanya hivyo. Ngoy alikaa chini, mgongo wake ukivielekea vitenge, akaagiza kwa sauti ya chini: mikono ioshwe, glavu zivaliwe, mafuta yapakwe kwa wingi, mpira uingizwe taratibu. Alisikia mzee akisaga meno. Kisha akasikia mguno wa maumivu uliomfanya afumbe macho.

"Umegota," Mulumba alisema. "Hauendi."

"Usisukume! Utapasua. Urudishe kidogo."

"Nimerudisha. Kuna damu kidogo."

Mikono ya Mulumba ilikuwa mizuri, lakini ilizoea chuma. Ngoy aliona kwamba dakika chache zaidi za namna ile zingemjeruhi mzee asiponyeke. Ndipo aliposema, mgongo wake ukiwa bado umegeuka, bila kuinua sauti, lakini kila mtu pale alisikia.

"Tata, mi niko na kosa. Kila muzee anayekuja kwangu juu ya mafua, ninamuuliza kama mukojo unatoka. Kama hautoki muzuri, simupe vile vidonge. Weye sikukuuliza. Na nilijua. Siku ya Mungu ile Odile alikucheka juu ya choo, nilisikia yote. Nilikohoa ili muone kama sikusikia."

Mvua iligonga mabati.

"Nilisikia ukikohoa," Kankolongo alisema hatimaye. "Nilifurahi kwa sababu ulikohoa."

Mulumba alitoka akiwa ameinua mikono yake yenye glavu, akatazama chini.

"Ingia," mzee alisema.

Ngoy akaingia. Kankolongo alijifunika uso kwa kofia yake ya zamani ya kazi. Ngoy hakuutazama uso ule uliofunikwa; alitazama kazi yake, kama alivyofundishwa. Aliosha mikono upya, akavaa glavu nyingine, akapaka mafuta zaidi. Alimwambia mzee avute pumzi ndefu, kisha aitoe kana kwamba anajaribu kukojoa. Mpira ulipofika mahali ulipogota, hakuusukuma. Aliusimamisha, akausubiri mwili uchoke kukataa. Mwili ulikataa kwa muda mrefu. Kisha ukalegea, mpira ukapita, na mkojo ukaanza kushuka ndani ya chupa, mweusi kidogo, halafu mwepesi, bila kukoma.

Chini ya kofia mzee alitoa sauti ambayo Ngoy hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Ngoy alimfunika vizuri, akatoka kinyumenyume kama desturi inavyoagiza, ingawa desturi ilikuwa imekwisha kuvunjwa, akaenda kusimama peke yake kando ya reli. Ngalula alimfuata. Alisimama tu karibu naye, mvua ikiwalowesha wote wawili.

Treni ilikuja siku iliyofuata: mabehewa ya mizigo, wazi na yaliyofunikwa, yakajazwa watu mpaka milangoni. Kisha ikasimama pale kwa saa nyingi, maana kichwa cha treni hakikuwa tayari. Ngoy alikuwa amekwisha kumwelekeza Mulumba jinsi ya kuimwaga chupa na kuusafisha mpira, na kwamba wakifika Kasai wasipitilize hospitali, kwa sababu tezi ile inahitaji mpasuaji. Baada ya hapo alirudi nyuma, akasimama kwa umbali wa mkwe, akingoja treni iondoke na kumchukua mtu ambaye yeye hangeweza tena kumtazama usoni.

"Ngoy."

Kankolongo alikuwa ameketi mlangoni mwa behewa, miguu imefunikwa blanketi. Hakuwahi kabla ya siku hiyo kumwita kwa jina lake.

"Sogea karibu. Huu mupira, batautoa lini?"

Aliuliza kwa sauti kubwa, mbele ya wakamwana wake, mbele ya behewa zima. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo. Ngoy alisogea, akajibu: utatolewa na daktari, baada ya kumpima, asiuvute mwenyewe, hata ukimwasha.

"Na kule, nikipona, nikule nini? Nikatae nini? Sema muzuri, mi siko tena na haya."

Hapo, akiwa amesimama kwenye mawe ya reli, Ngoy alitoa somo lake la Jumatano. Wazee wengine walisogea mlangoni, wakaanza kuuliza. Kama bia moja ni mbaya. Kama ni kweli mbegu za maboga zinatosha. "Hazitoshi," Ngoy alisema. Akalisema mara ya pili. Alitaja mboga na samaki, alitaja kutembea kila treni itakaposimama, alitaja maji ya mchana na maji ya jioni. Alitaja vidonge vya mafua, akaeleza vinafanya nini na ni nani asiyepaswa kuvimeza, bila kumtazama mtu yeyote.

Kankolongo aliishi miaka mingi baada ya safari ile. Alipasuliwa huko Kasai na akapona, na habari zake zililetwa na wafanyabiashara waliorudi. Lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya blanketi.

"Haya yote uliyajua?"

"Niliyajua, tata."

"Ulikuwa unabaambia batu, mu zahanati, kila Jumatano."

"Nilikuwa ninabaambia."

"Batu bengine," mzee alisema.

Ngoy aliinamisha kichwa. Mbele kabisa, kichwa cha treni kilipiga honi, na mabehewa yakagongana mfululizo kutoka mwanzo mpaka mwisho wa msafara. Watu waliokuwa chini walianza kulia na kupunga mikono. Mulumba alimshika mzee bega ili asianguke.

"Haraka, basi," Kankolongo alisema. "Rudilia ile ya maji. Ile sikuisikia muzuri."

Ngoy akarudilia.